Mara Tatu Alisimama

Ifakara hakuna farasi. Nimezaliwa huku, nimesoma huku mpaka kidato cha nne, nikaondoka, nikarudi kufundisha, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona farasi hata mmoja akipita kuelekea Kivukoni. Ng'ombe wapo wengi kuliko wengine wanavyopenda. Punda wapo wachache. Pikipiki hazihesabiki. Farasi ni mnyama wa kwenye simu.

Sababu si umaskini peke yake. Bonde la Kilombero, kati ya milima ya Udzungwa na miinuko ya Mahenge, ni bonde la ndorobo, na ndorobo hubeba nagana. Ng'ombe akiugua nagana hukonda, na leo ipo sindano. Farasi hana ustahimilivu huo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika pande hizi, farasi na baghala wa majeshi walikufa kwa maelfu, na mizigo yao ikahamia kwenye vichwa vya watu. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Kiingereza. Kwa maneno mengine, mnyama aliposhindwa, binadamu alifanywa mnyama, na hakuna aliyemuuliza kama ameamka vizuri.

Natanguliza haya kwa sababu swali ninalotaka kulijadili lilinijia kupitia farasi, ingawa jibu, kama ninalo, nililipata kwa ng'ombe.

Agosti 2021, wakati wa Olimpiki ya Tokyo, kipande cha video kilizunguka kwenye simu zetu. Mwanamke wa Kijerumani, Annika Schleu, amekaa juu ya farasi aitwaye Saint Boy, na analia. Ni mchezo wa pentathloni, wenye upanga, kuogelea, kupanda farasi na kuruka vikwazo, kisha kulenga shabaha na kukimbia. Schleu alikuwa anaongoza. Lakini katika mchezo huo mshindani hapandi farasi wake. Anapewa farasi kwa kura, farasi ambaye hajawahi kumwona, na anapewa dakika 20 za kufahamiana naye na kumpasha. Saint Boy alikuwa ameshakataa kuruka siku hiyohiyo, akiwa na mpandaji mwingine. Sasa alikataa tena. Schleu alimpiga kwa fimbo, akamchoma kwa visigino, akalia. Kocha wake, Kim Raisner, alimpiga farasi ngumi kutoka nje ya uzio, na akaondolewa kwenye michezo iliyobaki. Schleu alimaliza nafasi ya 31.

Kwenye kundi letu la walimu watu walicheka. Mmoja aliandika, "Kumbe na Wazungu wana punda wakaidi." Mimi sikucheka. Nilizima simu nikatoka nje, nikasimama uani muda mrefu, maana nilikuwa nimemkumbuka Kadogo.

Baada ya siku ile nilianza kusoma namna farasi wa kuruka vikwazo wanavyopashwa kabla ya mashindano. Utaratibu mzuri unaeleweka hata kwa mtu asiyewahi kugusa farasi. Unaanza na kutembea tu, hatamu imelegezwa, dakika kama kumi. Unaingia mbio ndogo, halafu mbio za kati, ukizunguka kulia na kushoto ili mwili usikaze upande mmoja. Damu inajaa kwenye misuli, viungo vinalainika. Farasi ana ajabu moja: wengu lake huhifadhi akiba kubwa ya chembe nyekundu za damu, na mwili ukianza kazi linaiachia iingie kwenye mzunguko. Yaani kabla ya kupashwa, sehemu ya nguvu zake bado imefungiwa stoo. Ndipo unamrusha kikwazo kidogo cha miti miwili iliyopishana, kisha kilichosimama wima, kisha kipana, ukipanda taratibu mpaka karibu na kimo cha mashindano. Unaishia hapo, maana lengo si kumchosha.

Niliposoma hayo nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani: huyu ni mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na maksai wawili, Sultani na Kadogo. Sisi ni Wandamba. Kwetu ng'ombe wa kulimia si urithi wa babu. Mjomba alijifunza plau kwa majirani Wasukuma waliohamia bondeni na mifugo yao, na alijifunza kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba ameanza ukubwani. Kuanzia Desemba mpaka Februari, mvua zikishalainisha mbuga, alikuwa akikodishwa kukatua mashamba ya mpunga ya watu, kwa malipo ya ekari. Mimi likizo nilikuwa kijana wa mbele, yule anayeongoza ng'ombe kwa kamba huku mwenye plau akiwa nyuma.

Mjomba hakuwahi kuingia shambani moja kwa moja. Alikuwa anaamka giza likiwapo, anaingia zizini bila fimbo, anawapapasa mgongo, anawashika masikio. Halafu tunawatoa bila nira, tunatembea nao polepole mpaka barabarani, wanakojoa, wanajinyoosha. Ndipo nira inawekwa, lakini plau bado. Tunazunguka ukingo wa shamba mara moja na nira tupu. Kisha plau inafungwa ikiwa imelazwa ubavu, inaburuzwa juu ya majani. Kisha mfereji wa kwanza, wa juujuu, hata mwenye shamba akikunja uso. Baada ya hapo ndipo ardhi inashikwa kweli. Nusu saa nzima ilikuwa inapita hivyo, na mimi nikiwa na miaka 15 niliiona nusu saa ya bure.

Asubuhi moja Sultani alikataa nira. Hakupiga teke, hakukimbia. Aliinamisha kichwa akakigeuza pembeni, mara moja, mara mbili. Mjomba akamshika sikio, akakaa kimya, akaiweka nira chini. Akaniambia, "Mjomba, turudi nyumbani." Mwenye shamba alikuwa amesimama pale na pesa mfukoni. Alitukana. Mjomba akamwomba radhi, na siku ile ikapotea, na ya pili ikapotea. Nyumbani shangazi, mke wa mjomba, hakusema kitu, lakini alipakua ugali na kisamvu kitupu kwa namna ambayo wote tulielewa. Siku ya tatu Sultani alitoka zizini mwenyewe. Alikuwa na nini? Hatukujua. Hakukuwa na homa iliyothibitishwa wala kidonda, jambo ambalo lingemfanya mjomba aonekane mwerevu. Alichokuwa nacho mjomba ni ng'ombe aliyesema hapana, basi.

Januari iliyofuata, mwaka 2010, mjomba alilala na malaria. Palikuwa na ekari mbili zilizolipiwa nusu, mvua ilikuwa imeshuka, na kulikuwa na watu wengine watatu wenye plau wanaoweza kuchukua kazi ile. Nilijitolea. Mjomba alikuwa anatetemeka chini ya blanketi, akaniambia, "Haya mjomba, ila usiwakimbize." Nikamchukua binamu yangu mdogo awe kijana wa mbele, nikashika mimi plau, na nilijisikia mtu mzima.

Tulichelewa kuamka. Nira niliiweka hukohuko zizini. Tuliwapeleka mbio mpaka shambani, manyunyu yanaanguka na baridi ipo, na nikaizamisha plau moja kwa moja kwenye tope jeusi, kwa kina, ili mwenye shamba aone kazi. Kadogo alikuwa na msimu wa pili tu wa kulima. Alivuta hatua kama ishirini, akasimama. Nilimpiga. Akaenda, akasimama. Nilimpiga zaidi, na binamu yangu akasema, "Kaka, labda tumwache apumue." Nilimwambia anyamaze. Mara ya tatu aliposimama nilitumia mti wa fimbo badala ya ncha. Akajitupa mbele kwa nguvu zote, mguu wa nyuma ukateleza, Sultani akaendelea kuvuta, na nikasikia sauti ambayo sitaieleza. Kadogo alikaa chini kwenye tope kama mbwa anavyokaa, akanitazama.

Hakulima tena. Bwana mifugo alikuja, akakishika kiungo cha nyonga, akatikisa kichwa. Baada ya wiki tatu Kadogo aliuzwa kwa mchinjaji.

Mjomba hakunipiga. Alipopata nafuu alikaa na mimi chini ya mwembe akauliza, "Alisimama mara ngapi?"

"Mara tatu, mjomba."

"Na wewe ulimsikia mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akanyanyuka akaenda kumpa Sultani maji.

Kwa miaka mingi niliibeba kesi hii kama kesi ya uzembe: kijana hakupasha ng'ombe, ng'ombe akaumia. Lakini bwana mifugo mwenyewe alisema jambo lililonisumbua kuliko lawama. Alisema ng'ombe huteleza kwenye tope hata akiwa ametembezwa saa nzima. Huenda ningefuata kila hatua ya mjomba na Kadogo bado angeanguka. Na mjomba naye angeweza kupuuza siku ile ya Sultani na kusitokee kitu. Basi kosa langu liko wapi? Kama ni matokeo tu, basi nilikosa bahati. Kama ni nusu saa iliyoachwa, nusu saa yenyewe haina dhamana.

Nadhani kosa halikuwa kwenye nusu saa. Lilikuwa kwenye kile ambacho nusu saa ile ilikuwepo kukifanya. Mimi nilidhani kupasha ni kumtia mnyama moto, kama unavyowasha injini. Mjomba alikuwa anauliza. Sikio ni swali. Nira tupu ni swali. Mfereji wa juujuu ni swali. Kila hatua ilimpa ng'ombe nafasi ya kujibu kabla gharama ya jibu haijawa kubwa. Nilipoiacha nusu saa ile niliacha kuuliza, na majibu yalipokuja hata hivyo, mara tatu, niliyaita ukaidi.

Msomaji makini atanikatiza hapa, na ana haki. Ng'ombe anaulizwa nini? Hakuomba kulima. Hajui ekari wala malipo. Farasi hajui medali. Kumpasha kwa upole mnyama ambaye umeshaamua kumtumia, je, si kunoa kisu kwa heshima? Na mjomba huyo mwenye masikio ya huruma, si ndiye aliyempokea mchinjaji? Ni kweli. Hata Sultani, miaka michache baadaye, alipozeeka, alikwenda njia ileile. Mjomba alihesabu pesa, akazifunga kwenye kitambaa, na jioni ile hakula.

Wanafalsafa hawatusaidii kirahisi. Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu, lakini mnyama hakumwingiza kwenye ulinzi huo. Kwake ubaya wa kumtesa mnyama ni kwamba unamzoesha mtu kuwatesa wenzake. Bentham, mwaka 1789, alilihamishia swali kwenye maumivu: si kama mnyama anafikiri au anasema, ila kama anaweza kuumia. Wahenga wetu nao wamegawanyika. Wapo waliosema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Wapo waliosema fadhila ya punda ni mateke, na sisi tumezoea kuutumia usemi huu kumlaumu punda. Siku hizi nikiusikia huwa najiuliza ni fadhila gani hiyo aliyotendewa, na kama teke si neno pekee alilobakiwa nalo.

Ninachoweza kukisema ni kidogo kuliko Kant na Bentham. Upole wa kabla ya kazi unaweza kuwa wa kweli au wa uongo, na kuna namna ya kuupima: je, jibu la "hapana" linaweza kubadilisha mpango? Kama mpango hauwezi kubadilika, basi kupapasa mgongo na kushika masikio ni mapambo. Kama unaweza, basi hata ndani ya uhusiano usio sawa, ambao mmoja ana fimbo na mwingine ana nira, kuna mahali padogo ambapo mnyama ni mtu wa kusikilizwa na si kifaa.

Kwenye uwanja wa kupashia farasi sura zote mbili zinakaa pamoja. Kanuni za kimataifa zinataka wasimamizi wawepo, na vikwazo vya mazoezi vina bendera nyekundu kulia na nyeupe kushoto ili virukwe kwa upande mmoja tu. Pia zinakataza jambo ambalo lisingekatazwa kama halifanyiki: kumgonga farasi miguuni kwa mti wakati anaruka, ili aogope kugusa kikwazo na ajivute juu zaidi. Mwaka 2008, mashindano ya farasi ya Olimpiki ya Beijing yalifanyika Hong Kong, na farasi kadhaa wa kuruka walikutwa na capsaicin, kemikali ileile inayofanya pilipili iwashe. Ikipakwa mguuni inaweza kutuliza maumivu, na inaweza pia kuifanya ngozi iwe na hisia kali kiasi kwamba kugusa mti ni adhabu. Norway walinyang'anywa medali ya shaba ya timu. Fikiria kinachofanyika hapo. Maumivu ni sauti ya mnyama ya kusema hapana. Kuyatuliza ni kumziba mdomo. Kuyaongeza ni kumwekea maneno mdomoni. Vyote viwili huitwa maandalizi.

Na pale kwenye mashindano yenyewe, "hapana" ina bei iliyoandikwa. Farasi akikataa mara ya kwanza, mpandaji anapata adhabu ya alama 4. Akikataa mara ya pili, anatolewa. Sisemi kanuni hiyo ni mbaya. Inasema ukweli ambao mimi sikuujua nikiwa na miaka 15: hapana ina gharama, na lazima alipe mtu. Mjomba aliilipa hapana ya Sultani kwa siku mbili za njaa kidogo na matusi ya mwenye shamba. Mimi niliikataa hapana ya Kadogo, kwa hiyo akailipa Kadogo. Sijapata bado mfano ambao hakuna aliyelipa.

Ndiyo maana sikucheka Schleu alipolia. Miaka yake yote ya mazoezi ilikuwa imefungwa kwenye dakika 20 na mnyama wa kura. Kanuni ya mchezo ilikuwa imewaweka wawili wale mahali ambapo farasi hakuweza kusema hapana bila kupigwa, na yeye hakuweza kuikubali bila kupoteza kila kitu. Hilo halifuti fimbo yake, kama malaria ya mjomba na ekari zilizolipiwa nusu hazifuti yangu. Lakini linaonyesha kwamba aliyetengeneza kanuni naye alikuwa ameshika fimbo. Shirikisho la mchezo huo baadaye liliamua kuondoa farasi kabisa. Baada ya Paris 2024, badala ya farasi kuna njia ya vizuizi ambavyo mwanamichezo anavivuka kwa mwili wake mwenyewe.

Huku kwetu nako farasi wetu wanaondolewa. Ukipita mbuga za Ifakara msimu wa kulima utaona pawatila na matrekta, na vijana wanaoziendesha hawashiki sikio la kitu chochote. Pawatila haikatai, inaharibika tu. Wapo watakaosema swali langu limekufa pamoja na plau. Natamani iwe hivyo.

Sasa nafundisha sekondari, na kwa kuwa ndiye mwalimu kijana, nimekabidhiwa michezo. Mchakamchaka wa asubuhi ni wangu, na timu ya mpira wa miguu ya wasichana ni yangu. Mwaka jana tulifika mchezo wa mwisho dhidi ya shule jirani. Mkuu wa shule alikuwa amealika wazazi. Nikiwapasha wasichana, mbio ndogo, kunyoosha miguu, pasi fupi fupi, nilimwona beki wangu wa kati, mzuri kuliko wote, ametoka kwenye mstari amesimama. Nilimwita, akarudi. Baada ya muda kidogo akasimama tena, mkono kiunoni.

Nilikwenda nikamuuliza kuna nini. Akatazama chini. "Mwalimu, leo siwezi."

Nilijua ninachoweza kusema. Mwalimu ana maneno mengi: jikaze, timu inakutegemea, wazazi wamekuja. Ni maneno ya kutia moyo, na yanaweza kuwa mti wa fimbo vilevile, maana mwanafunzi wa kidato cha pili akiambiwa hivyo na mwalimu wake mbele ya wenzake ataingia uwanjani. Yeye anaweza kusema, tofauti na Kadogo, na bado ningeweza kutomsikia.

Sikumuuliza sababu. Nilimwambia akakae kivulini karibu na matroni, nikaingiza msichana ambaye hajawahi kucheza dakika 90. Tulifungwa mabao mawili kwa bila, yote yakipitia katikati. Mkuu wa shule aliniuliza jioni kwa nini mchezaji wangu bora alikuwa amekaa chini ya mti. Nilimwambia, "Alisema hawezi, Mkuu."

"Na wewe ukakubali tu?"

Nikasema ndiyo. Alinitazama kama yule mwenye shamba alivyomtazama mjomba, na najua hajaridhika mpaka leo.